SOMO LA REDIO: TARISHI MPYA HUJARIBIWA KWANZA

Wanafunzi wetu wa Nyamuswa, na ninyi nyote mnaotusikiliza, chukueni madaftari na kalamu. Andikeni namba mbili: 1.5 na 15. Zitazameni vizuri. Kinachozitofautisha ni nukta moja tu. Leo tutaona jinsi nukta hiyo inavyoweza kumponya mtu au kumwua.

Mkulima wa pamba wa Bunda anaujua mzani. Hapendi pamba yake ipimwe kwa mzani asiouamini. Wakaguzi wa Wakala wa Vipimo huujaribu mzani kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Likiwekwa jiwe la kilo 20, mzani sharti useme 20. Ukisema 18 ni mbovu, hata kama umenunuliwa jana na bado unang'aa. Basi shikeni neno hili: upya wa chombo si ushahidi wa ukweli wake.

Sasa twende hospitali. Zamani fundi wa maabara alisoma matokeo kwenye mashine, akayaandika kwa kalamu. Siku hizi mahali pengi mashine imeunganishwa na kompyuta, na matokeo huenda yenyewe mpaka kwenye jalada la mgonjwa. Hapa Tanzania, mfumo wa serikali uitwao GoT-HoMIS umetumika katika hospitali na vituo vingi vya afya kutunza majalada hayo. Kati ya mashine na jalada yumo tarishi. Tarishi huyo ni programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Mara kwa mara watengenezaji huirekebisha programu na kutoa toleo jipya. Hilo ni jema, kwa kuwa huondoa kasoro za zamani. Lakini tarishi mpya huenda asiijue lugha ya mashine yenu. Nchi nyingine huandika mkato mahali tunapoandika nukta. Tarishi asiyejua hayo aweza kupokea 1.5 na kufikisha 15.

Je, kuna hatari gani? Hapa kwetu sukari ya damu hupimwa kwa milimoli katika lita. Mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula, huwa na kama 4 hadi 6. Mwenye 1.5 yumo hatarini. Apewe sukari upesi. Mwenye 15 ana sukari nyingi mno, na huenda akapewa insulini, dawa inayoishusha. Mwenye 1.5 akipewa insulini kwa sababu jalada limesema 15, anaweza kufa. Daktari hakukosea, wala mashine haikukosea. Aliyekosea ni tarishi.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka toleo jipya, mafundi hufanya hivi:

1. Hutunza nakala ya majalada yote mahali pa salama.
2. Huliweka toleo jipya kwenye kompyuta ya kando, isiyohudumia wagonjwa.
3. Hupima sampuli ambayo jibu lake linajulikana, kama lile jiwe la mzani.
4. Hulinganisha toleo la zamani na jipya, namba kwa namba, nukta kwa nukta.
5. Hubuni mambo magumu: wagonjwa wawili wote waitwa Wambura, umeme umekatika matokeo yakiwa njiani. Je, kila tokeo limefika kwa mwenyewe? Je, lililokatika limepotea?
6. Huandaa njia ya kurudi kwenye toleo la zamani, na daftari la kuandikia kwa mkono.

Kazi hii huchukua muda, na wengine huona ni kuchelewesha. Haya, sikilizeni. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili jipya la programu yake ya ulinzi. Faili lilikuwa na kasoro, nalo lilipelekwa kwa wateja wengi kwa mara moja badala ya kuanza na wachache. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziligoma. Ndege nyingi hazikuruka, na baadhi ya hospitali ziliahirisha kupasua wagonjwa.

Nawe mgonjwa una sehemu yako. Ukipewa majibu, hakikisha jina na namba ya jalada ni zako. Soma namba iliyoandikwa. Ndiyo sababu unajifunza kusoma. Kama namba haipatani na hali yako, sema kwa adabu, "Daktari, naomba nipimwe tena." Kuomba hivyo si utovu wa heshima.

Maswali ya kujibu darasani:
(a) Kwa nini mzani mpya hujaribiwa kwa jiwe linalojulikana?
(b) Tarishi wa hospitali ni nani?
(c) Andika kwa maneno: 1.5 na 15. Ni yupi anayehitaji sukari upesi?

Kwaherini.