Kipimo cha sukari kisichodanganywa na mfungo wa siku mbili

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale ambao siku chache kabla ya kliniki ya kisukari huacha chai ya sukari, hupunguza ugali na kumeza dawa bila kukosa? Tone la damu likitolewa kidoleni, sukari huonekana nzuri, nawe hurudi nyumbani ukitabasamu. Lakini kipimo hicho huonyesha sukari ya saa ile tu. Kuna kingine, HbA1c, kinachokumbuka miezi miwili au mitatu iliyopita.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni. Sukari inapozidi katika damu, hujishikiza kwenye himoglobini na kubaki hapo hadi chembe hiyo ife, baada ya siku 120 hivi. Maabara hupima ni asilimia ngapi ya himoglobini iliyoshikwa na sukari.

Hupimwaje? Njia mojawapo inayoaminika ni kromatografia. Damu yako huchanganywa na maji ya dawa, kisha husukumwa kwa pampu ndani ya neli fupi iliyoshindiliwa punje ndogo mno za polima, yaani jamii ya plastiki, zenye chaji hasi ya umeme. Fikiria watu wanaopita sokoni. Asiyejuana na mtu hupita upesi. Mwenye jamaa katika kila kibanda hukawia akisalimiana. Himoglobini ya kawaida ina chaji chanya, hivyo hukawia kwenye punje. Iliyoshikwa na sukari imepungukiwa na chaji hiyo, basi hutangulia kutoka. Mashine huhesabu kila kundi linapotoka, kwa dakika chache tu.

Kwa nini polima? Neli nyingi za kazi nyingine hujazwa silika, jamii ya mchanga, ambayo huliwa na maji makali ya alkali. Polima huvumilia asidi na alkali vizuri zaidi. Hata hivyo, neli huchakaa, na maabara makini huibadilisha kwa wakati.

Huisman na Meyering waliitenga himoglobini hii kwa njia ya kromatografia mwaka wa 1958. Mwaka wa 1969 Samuel Rahbar na wenzake walieleza kwamba huongezeka kwa wagonjwa wa kisukari. Kisha mwaka wa 1993 utafiti wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, huko Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba kuishusha HbA1c hupunguza madhara ya macho, figo na neva. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali asilimia 6.5 au zaidi kuwa dalili ya kisukari. Kwa watu wazima wengi wanaotibiwa, lengo ni chini ya asilimia 7.

Sasa sikiliza vizuri, hasa ikiwa kwenu ni Nyanza, Magharibi au Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu ni mwingi. Chembe za mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi. Sukari haipati muda wa kujishikiza, kwa hiyo jibu huwa dogo hata kama figo na macho yanaendelea kuharibika. Mgonjwa kama huyo asitegemee HbA1c. Kuna kipimo cha fruktosamini na kile cha sukari ya kila siku. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, mashine nyingi za kisasa humpima sawasawa, na neli huitoa himoglobini hiyo peke yake, ikaonekana. Mashine nyingine zinazotumia kingamwili hazionyeshi hilo.

Basi ukienda kupimwa, mwambie daktari wako mapema ikiwa una selimundu, umeongezwa damu hivi karibuni, una upungufu wa damu au u mjamzito. Upungufu wa madini ya chuma huweza kulipandisha jibu bila sukari kuzidi. Jibu lisipolingana na vipimo vya kidoleni, uliza sababu. Na usipunguze wala kuacha dawa kwa sababu ya karatasi moja ya maabara.