Joto Linalopanda na Moshi

Saa kumi na mbili asubuhi huko Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, moshi huonekana kabla ya watu. Unachujika kwenye nyasi za paa, unapenya chini ya mabati, kisha unatanda juu ya matuta ya kabichi na njegere yaliyopangwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa milima ya Uluguru. Mgeni aliyepanda kutoka Morogoro mjini atasimama kutazama, kwa maana kunapendeza. Mama aliyeteremsha kuni hizo kichwani jana yake anaona jambo jingine: sehemu kubwa ya tita lake inakwenda zake angani.

Na hesabu iko upande wake. Kilo 1 ya kuni zilizokaushwa na jua ina nishati ya megajuli 15 hivi. Kuchemsha lita 1 ya maji ya baridi kunahitaji megajuli 0.34. Kama joto lote lingeingia majini, kilo hiyo ingechemsha zaidi ya lita 40. Kwenye mafiga matatu yaliyo wazi, ambako kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 tu ya joto hufika kwenye chakula, kilo ileile huchemsha lita 5 au 6 tu. Joto jingine huyapasha mawe, ukuta na magoti ya mpishi. Sehemu kubwa hupita kando ya sufuria na kupanda na moshi.

Mlimani hasara hiyo inauma zaidi. Nyandira iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Maharage, ambayo hulimwa hukohuko, hukawia kuiva, na kila nusu saa ya kusubiri inadai kuni nyingine.

Lakini si kweli kwamba joto la moshi halijawahi kupata mtu wa kulitumia. Ingia katika jiko la kienyeji, uinue macho. Juu ya mafiga kuna uchaga wa miti uliopakwa masizi miaka na miaka hata ukang'aa kama lami. Hapo ndipo mahindi ya mbegu yanapotundikwa na maganda yake, na hapo ndipo kuni mbichi zinapopangwa zisubiri zamu yao. Moshi wenye joto hupita katikati ya vitu hivyo usiku na mchana. Mahindi hukauka, nao wadudu hawapendi kukaa penye moshi na ukavu. Tangu mdudu dumuzi aingie nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika ya Kati, mkulima yeyote aliyewahi kufungua gunia akakuta unga mtupu anajua thamani ya uchaga.

Kuni zilizo uchagani nazo zina hesabu yake. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto mara tano zaidi ya lile linaloyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa barafu hadi kuyachemsha. Anayewasha kuni mbichi, basi, anatumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla hajachemsha ya sufuria. Kuni ya leo inayokaushwa na moshi wa jana ni urejeshaji wa joto lililopotea, tena usiohitaji fundi wala senti.

Bei ya uchaga hulipwa kwa macho na mapafu. Moshi unaokausha mahindi ndio huohuo anaouvuta mama aliyeinama kupuliza moto, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani kote mwaka 2020. Ndiyo maana programu nyingi za majiko banifu husisitiza dohani: moshi utoke nje. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Ila dohani nayo ina tabia yake. Inavuta moshi pamoja na joto, na jiko lenye dohani iliyojengwa vibaya laweza kula kuni nyingi kuliko mafiga. Jikoni kumekuwa safi, uchaga umepoa, na tita la kuni halijapungua.

Basi kwa nini lisikamatwe joto lote kabla moshi haujatoka? Hapo fizikia inakataa. Moshi hupanda kwa sababu ni wa moto, hivyo ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Chukua dohani ya mita 4 asubuhi yenye nyuzi 20. Moshi unaoingia ukiwa na nyuzi 200 una nguvu fulani ya kupanda. Ukipozwa hadi nyuzi 100, nguvu hiyo hupungua kwa karibu nusu. Ukipozwa zaidi, unazubaa, kisha unarudi jikoni. Tena kuta za bomba zikishuka chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke wa kuni huganda na kuwa utomvu mweusi unaonata. Utomvu huo huziba bomba, na siku ukishika moto huwaka kwa ukali wa kutisha. Kwa nyumba ya nyasi, hilo ni janga.

Kwa hiyo moshi una haki ya kubaki na sehemu ya joto lake, kama nauli ya kutokea nje. Swali la maana ni wapi joto la ziada likamatwe, na jibu bora ndilo lisilovutia macho sana: likamatwe na sufuria yenyewe.

Tazama jiko la shule lililojengwa vizuri. Sufuria kubwa ya ugali au maharage haikai juu ya moto. Imezama ndani ya ukuta wa matofali hadi karibu na ukingo wake. Kati ya ukuta na sufuria imeachwa nafasi nyembamba, sentimita 1 hadi 2 hivi. Moshi hauna njia nyingine ila kupita kwenye mwanya huo, ukiusugua ubavu wa sufuria pande zote kabla ya kuifikia dohani. Joto lililokuwa likipotea linaingia kwenye chakula kupitia ubavuni. Ndipo akiba kubwa ilipo, na ndipo mafundi wengi wanapokosea. Mwanya ukiwa mpana kama kiganja, moshi unapita katikati bila kugusa chochote. Ukiwa mwembamba mno, moto unakosa pumzi na moshi unatokea mdomoni mwa jiko. Tatizo la kawaida linaanza pale fundi anapojenga kwa kukadiria, kisha shule inanunua sufuria ya kipimo kingine.

Baada ya sufuria, maji. Pipa dogo lililojengwa pembeni mwa njia ya moshi, au koti la maji linalozunguka sehemu ya chini ya bomba, huipatia bweni au zahanati maji ya moto bila kuongeza hata ukuni mmoja. Vijiji vingi vya Uluguru huletewa maji kwa mteremko kutoka chemchemi za juu, hivyo kulijaza pipa si kazi ngumu. Sharti la kwanza halina mjadala: pipa liwe na mdomo ulio wazi. Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na bomba lililofungwa pande zote likipita motoni ni bomu. Wapo watu, katika nchi nyingi, waliopoteza maisha kwa mrija wa maji uliozungushwa ndani ya jiko ukafungwa valvu.

Sharti la pili ni usafi. Mwingereza Edward Green wa Wakefield alisajili mwaka 1845 mtambo wa mabomba ya maji uliowekwa katika njia ya moshi wa boila. Adui mkubwa wa mtambo wa namna hiyo ni masizi: yakishika kwenye mabomba, joto halipiti tena. Mitambo ya Green ikajulikana kwa vikwanguo vyake vilivyokuwa vikipanda na kushuka kuparua masizi hayo mchana kutwa. Jikoni Mgeta kikwanguo ni gunzi la muhindi na majivu, kazi ya dakika chache kila juma, na sufuria iliyosuguliwa kwa nje huwahi kuchemka.

Ukiteremka mlima kuelekea mjini, moshi mwingine unakungoja kandokando ya njia, ule wa matanuru ya matofali. Nyumba nyingi za Morogoro zimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Mafundi huyapanga mabichi kama kichuguu cha mraba, huacha vichochoro vya kuni chini, hukandika nje kwa udongo, kisha huwasha. Moshi hauna dohani. Unapita kwenye nafasi kati ya tofali na tofali hadi juu. Tabaka za chini huungua kwa moto wenyewe, za juu hupata joto lililobebwa na moshi. Kwa maneno mengine, tanuru hili la kienyeji linarejesha joto kwa maumbile yake. Kubwa hupoteza kidogo kuliko dogo kwa kila tofali, kwa sababu ngozi yake ya nje ni ndogo ukilinganisha na tumbo lake. Lakini moto ukizimwa, joto lote lililohifadhiwa ndani ya maelfu ya matofali hutawanyika hewani kwa siku kadhaa, na tanuru linalofuata huanza likiwa baridi.

Mjerumani Friedrich Hoffmann aliliona tatizo hilo na mwaka 1858 akapata hataza ya tanuru la duara. Vyumba vyake vimepangwa kama pete, na moto husafiri kutoka chumba hadi chumba. Moshi wa chumba kinachowaka hupitishwa kwanza kwenye matofali mabichi ya vyumba vya mbele, ndipo uende kwenye dohani. Hewa ya kuwashia nayo huingilia nyuma, ikipita kwenye matofali yaliyokwisha kuiva na kuyapoza. Ni joto kidogo tu linalotoka pale kabla ya kufanya kazi mara mbili. Tanuru la namna hiyo linataka mtaji na soko la mwaka mzima, jambo ambalo kikundi cha vijana wanne wenye koleo na kalibu hakina. Hata hivyo, matanuru mawili yaliyojengwa jirani na kuchomwa kwa kupokezana ni hatua ambayo vijana hao wangeweza kuijaribu.

Morogoro ni pia mji wa viwanda vya tumbaku, na majani yanayofika hapo kutoka mikoa ya ndani huja na somo lao. Wakulima huiita tumbaku ya mvuke, ingawa hakuna mvuke unaohusika. Moto huwashwa kwenye tanuru la nje ya bani, yaani banda la kukaushia, moshi ukapitishwa ndani kwa mabomba ya bati yaliyolazwa karibu na sakafu, kisha ukatolewa kwa dohani. Majani yaliyotundikwa juu hukaushwa na joto la mabomba bila kuguswa na moshi. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na mtu wa Mgeta anayetaka kukausha matunda au mbogamboga wakati wa masika, jua linapojificha wiki nzima: bomba la moshi lipite ndani ya kabati la kukaushia, na chakula kibaki safi.

Viwandani mambo haya yameshakuwa desturi. Mtibwa, huko Turiani, na Kilombero, huko Kidatu, huchoma makapi ya miwa ambayo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ili makapi mabichi kiasi hicho yawake vizuri, boila za aina hiyo kwa kawaida hutumia moshi kupasha hewa ya kuwashia kabla moshi haujatoka. Wahandisi wana kipimo chao: kila moshi ukipozwa kwa nyuzi 20 hivi, boila hupata karibu asilimia 1 zaidi ya ufanisi.

Vitabu vya ufundi humsifu Mskochi James Neilson kwa wazo la kupuliza hewa ya moto kwenye tanuru la chuma, alilolipatia hataza mwaka 1828. Ni haki yake. Ila mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao mkoani Kagera, ambako wazee wa Kihaya walilijenga upya tanuru la kuyeyushia chuma kutokana na kumbukumbu zao. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingia ndani kabisa ya tanuru, na watafiti hao wakasema hewa ilipashwa moto ikiwa mirijani kabla ya kukutana na mkaa. Mabaki ya matanuru waliyochimbua yalikuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wapo wataalamu waliobisha kuhusu kiasi cha joto hilo. Hakuna aliyebisha kwamba mafundi wale waliujua moto wao vizuri.

Kwa Uluguru, jambo hili linagusa zaidi ya jiko. Kwenye vilele kuna hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000 za msitu, na kutoka humo hutiririka vijito vinavyoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Gesi itapanda mlima, na umeme pia. Lakini gesi nayo hutoa hewa ya moto inayokimbilia pembeni mwa sufuria, na mtungi unaisha mapema kama kuni zinavyoisha.

Kamati za shule na wazazi wanaochangia jiko jipya, basi, wasisubiri ukuta ukauke ndipo waulize. Iwe ni kuni au gesi, fundi aelezwe tangu mwanzo kwamba moto wa jiko hili utapita ubavuni mwa sufuria kwenye mwanya wa kidole kimoja, na kwamba pipa la maji litakuwa na mdomo wazi. Na siku ya kujenga, sufuria yenyewe iwepo hapo, ipimwe kabla tofali la kwanza halijalazwa.