Faili Unalo Tayari, Usilipie Kazi Iliyokwisha Fanyika

Benki imekubali mfumo wa SACCOS yenu uzungumze na wake, na imewatumia faili la WSDL. Au kampuni ya malipo imewapa faili la OpenAPI. Bodi inataka kazi ianze mwezi huu, na bajeti ni ndogo. Kabla hujasaini mkataba wowote, jua ulichonacho mkononi: faili hilo limeshataja kila huduma, majina ya vipengele vyake na aina ya data. Sehemu kubwa ya msimbo wa mawasiliano hutoka humo bila mtu kukaa kuuandika.

Njia nafuu kuliko zote ni programu ya bure ya kuzalisha msimbo. Unaipa faili, inakupa msimbo wa Java, C# au lugha nyingine mnayotumia. Tahadhari moja: tangu Java 11 ilipotoka mwaka 2018, zana za SOAP, yaani zile zinazosoma faili la WSDL, hazimo tena ndani ya Java yenyewe, hivyo mwongozo wa zamani utamkwamisha mtaalamu wenu. Maktaba za kuziba pengo hilo zipo, nazo ni za bure.

Ukimwita mkandarasi, usikubali bei ya faili zima. Faili la benki linaweza kuwa na huduma 40, nanyi mnahitaji 3 tu: salio, kuhamisha fedha na taarifa ya miamala. Lipieni hizo 3, na mkataba useme msimbo wote ni mali yenu.

Halafu kuna mitambo ya kuunganisha mifumo, ile ya kuburuta vijisanduku kwenye skrini. Ni mizuri kweli kwa taasisi yenye washirika wengi. Kwa benki moja ni mzigo. Mwingine hulipiwa kwa idadi ya miunganisho, mwingine kwa idadi ya ujumbe, na ankara mara nyingi huja kwa dola. Punguzo la mwaka wa kwanza huisha, na siku mkitaka kuhama, kazi mliyoijenga humo haihamishiki kirahisi. Ipo ya leseni huria pia, ila itawadai seva yenye nguvu na mtu anayeijua.

Bei yoyote utakayopewa haina maana kabla faili halijakaguliwa, na ukaguzi wenyewe ni bure. Lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, utafute neno import, linaloelekeza kwenye mafaili mengine yanayohitajika. Ukikuta anwani inayoanza na 10. au 192.168., hiyo ni ya ndani ya mtandao wa benki. Kwako haitafunguka, na uzalishaji utagoma. Omba mafaili yote ya XSD (ya maelezo ya aina za data) yaliyotajwa humo, leo hii, kwa barua pepe. Kisha tafuta use="encoded". Likiwamo, huo ni mtindo wa kale ambao zana nyingi za sasa huukataa, na hapo mkandarasi akiongeza bei ana haki. Kwa OpenAPI, angalia toleo juu kabisa: 3.1, la mwaka 2021, bado husumbua baadhi ya zana zilizozoea 3.0.

Pesa yenyewe hasa huenda kwenye yale ambayo faili halisemi. Benki nyingi hudai VPN na anwani ya kudumu ya intaneti, ambayo hulipiwa kila mwezi. Vyeti vya usalama huisha muda; vile vya bure vilivyo maarufu hudumu siku 90 au pungufu, na asipowekwa mtu wa kuvihuisha huduma itasimama. Mazingira ya majaribio nayo, uliza kama ni bure na kama yatabaki wazi baada ya kuanza kazi.

La kugharimia bila kusita ni ulinzi dhidi ya muamala kurudiwa. Mtandao ukikatika kabla jibu la benki halijafika, mfumo utatuma tena. Kama ombi halina namba ya kumbukumbu isiyojirudia, au benki haiikagui, mwanachama atakatwa mara mbili kwa mkopo uleule. Mkandarasi aionyeshe hali hiyo kwenye majaribio, mbele ya mhasibu wenu, ndipo alipwe awamu ya mwisho.

Wenye mtaalamu wa programu ofisini na benki moja wachukue zana ya bure. Wasio naye wamlipe mkandarasi kwa huduma wanazozihitaji tu. Mtambo wa kulipia usubiri hadi washirika wawe wengi.