Lenzi bapa na mchanga wa Kwale: thamani iko wapi?

Vua miwani yako uitazame ubavuni. Utaona kioo chake si bapa. Ama kimebenuka, ama kimebonyea. Ndivyo ilivyo pia kwa darubini, hadubini na kamera ya simu. Tangu Ibn Sahl wa Baghdad alipoandika, takriban mwaka 984, namna ya kuunda kioo ili kikusanye mwanga wa jua mahali pamoja, fikra imekuwa ni hiyo hiyo: atakaye kuukusanya mwanga, na akipinde kioo.

Sasa kuna lenzi iliyo bapa, wala haina mpindo wowote, na mwanga inaukusanya vilevile. Wataalamu huiita metalenzi. Sisi watu wa Pwani tuna sababu yetu ya kuifahamu, kwani aina mojawapo maarufu huundwa kwa titaniamu, na madini ya titaniamu ndiyo yaliyochimbwa Kwale na kupakiwa melini Likoni kwa miaka kama 10.

Tuanze na lenzi ya kawaida. Kazi yake hasa ni kuchelewesha. Mwanga ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo. Lenzi ya kukuzia ni nene katikati na nyembamba kandoni, kwa hivyo mwanga upitao katikati hucheleweshwa zaidi. Fikiria ngalawa 20 zimejipanga mstari mmoja ufuoni, na zote zatakiwa zifike kwenye boya moja kwa wakati mmoja. Ya katikati ina safari fupi, za pembeni zina safari ndefu. Ikiwa mwendo wao ni sawa, ya katikati lazima izuiwe kidogo ili wenzake wamfikie. Lenzi hufanya jambo hilo hilo kwa mwanga, na pale miale yote inapofika kwa pamoja ndipo picha inapotulia.

Basi ikiwa siri ni kuchelewesha, mpindo ni njia moja tu miongoni mwa njia. Hapa pana jambo la pili: mwanga ni wimbi, na wimbi hujirudia. Wapiga makasia wakiwa pamoja, mmoja wao akibaki nyuma pigo moja zima, kasia lake bado litaingia majini sawia na ya wenzake. Wimbi la mwanga ni hivyo hivyo. Ukilichelewesha kwa wimbi moja kamili, ni kama hukulichelewesha.

Tupige hesabu. Chukua lenzi yenye upana wa milimita 2, inayokusanya mwanga umbali wa milimita 2. Mwanga wa pembeni husafiri njia ndefu kuliko wa katikati kwa milimita 0.236 hivi. Kwa mwanga wa kijani, ambao wimbi lake moja lina urefu wa nanomita 532, tofauti hiyo ni mawimbi 443 na sehemu ya wimbi. (Nanomita milioni moja ndizo zifanyazo milimita moja.) Kioo kilichopindwa hubeba mawimbi hayo yote, ndiyo maana ni kinene. Mwenye lenzi bapa huyatupa yale 443 na kushughulika na ile sehemu iliyobaki tu.

Sehemu hiyo hupatikanaje? Juu ya kigae cha kioo hupandwa viguzo vidogo mno, vilivyosongamana kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Titaniamu dioksaidi hupunguza mwendo wa mwanga zaidi ya mara mbili ukilinganisha na hewa. Kiguzo kinene humeza mwanga mwingi na kuuchelewesha sana. Chembamba huuachia mwingi upite hewani, nao huchelewa kidogo. Kuisanifu lenzi, basi, ni kuamua kila mahali pasimame kiguzo cha unene gani. Kompyuta hupiga hesabu ya ucheleweshaji unaotakiwa katika kila nukta, kisha hutafuta kiguzo kinachofaa.

Mwaka 2011, kikundi cha Federico Capasso katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilionyesha kwamba utando mwembamba wenye vipande vidogo vya dhahabu unaweza kuupinda mwanga upendavyo. Mwaka 2016 kikundi hicho kikatoa lenzi bapa ya mwanga unaoonekana kwa macho, yenye viguzo vya titaniamu dioksaidi vya kimo cha nanomita 600. Humo hawakubadilisha unene. Kila kiguzo kiligeuzwa kwa pembe yake. Mwaka 2024 walitangaza lenzi ya upana wa sentimita 10, ya kioo kitupu, yenye viguzo bilioni 18.7, iliyoweza kupiga picha za jua na mwezi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba miwani yetu itabadilika kesho. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, na lenzi iliyopimwa kwa kijani hukosea kwa nyekundu na buluu. Mwaka 2018 ilipatikana lenzi inayokusanya pamoja rangi nyingi, kuanzia nanomita 470 hadi 670, lakini ilikuwa ndogo mno. Kwa sasa soko lake ni pale rangi moja inapotosha. Mwaka 2022 kampuni ya STMicroelectronics ilianza kuuza vihisi vya kupima umbali kwa mwanga usioonekana, vikiwa na lenzi za aina hii.

Na sasa turudi Kwale. Mchanga ule ulikuwa na ilmenaiti, rutaili na zikoni, na mgodi ulifungwa Disemba 2024. Ilmenaiti na rutaili ndizo zitoazo titaniamu dioksaidi, ambayo sehemu kubwa duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupakia kuta, karatasi na plastiki. Je, lenzi yetu ya milimita 2 inahitaji kiasi gani? Hata viguzo vikijazana pasibaki nafasi, haifiki hata sehemu moja ya mia ya miligramu. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ingetosha lenzi zaidi ya milioni 100.

Msomaji, lizingatie hilo. Tulibishana miaka mingi, na kwa haki, juu ya mrabaha, fidia ya mashamba na ajira za vijana. Lakini hata tungelipwa mrabaha maradufu, tungekuwa bado tunauza tani kwa bei ya mchanga. Anayesanifu lenzi haulizi tani. Mali yake ni hesabu: pembe, mawimbi, na subira ya kujaribu tena na tena.

Na hesabu haihitaji bandari. Mitambo ya kuchonga viguzo ni ya mabilioni, hiyo hatuna. Usanifu ni habari nyingine. Ipo programu iitwayo Meep, iliyotoka chuo cha MIT, ya kuigiza safari ya mwanga ndani ya maumbo madogo kama haya. Ni ya bure, na kiguzo kimoja chaweza kuigizwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaunti zetu zinapogawa basari, na vyuo vyetu vya Pwani vinapopanga masomo, fizikia ya mwanga na uandishi wa programu visiwe vya kusukumwa mwisho wa orodha. Mchanga wa Kwale umeshakwenda. Watoto wa Kwale wangalipo.