Huhitaji Kushikwa Mkono Delhi ya Kale

Wiki haipiti bila swali hili kunifikia. Anayesindikiza mgonjwa kwenda kutibiwa, anayefuata mzigo, aliyepata nafasi ya mafunzo: wote wanakwenda Delhi, wote wana siku moja tupu kwenye ratiba, na wote wanataka namba ya simu ya mtu wa kuwatembeza mji wa kale. Sababu wanayotoa haibadiliki. "Nasikia kule hakukupangwa, ni vichochoro vitupu, ukiingia hutoki."

Namba sina. Nafanya kazi ya mipango miji, si ya kupokea wageni. Ila hilo la "hakukupangwa" siwezi kuliacha lipite, maana ni uongo wenye historia, na waliouanzisha wanajulikana.

Delhi ya Kale ilianza kwenye karatasi. Mwaka 1639 Shah Jahan, mfalme wa Kimughal, aliamuru ijengwe ngome kando ya mto Yamuna, na mwaka 1648 akahamia rasmi katika mji mkuu wake mpya, Shahjahanabad. Kutoka lango la magharibi la ngome ilinyooshwa barabara moja kama uzi, karibu kilomita moja na nusu, hadi Msikiti wa Fatehpuri uliojengwa mwaka 1650 na mmoja wa wake zake. Barabara hiyo ndiyo Chandni Chowk. Aliyeibuni ni binti wa mfalme, Jahanara, aliyeipitishia mfereji wa maji katikati, akaweka bwawa kwenye uwanja, na upande wa kaskazini akajenga bustani na nyumba ya kulaza wafanyabiashara wa misafara. Barabara ya pili ilitoka lango la kusini la ngome hadi Delhi Gate. Msikiti wa Ijumaa, Jama Masjid, uliokamilika mwaka 1656, ukapandishwa juu ya kilima cha Bhojla ili uonekane kutoka mbali. Sasa niambieni, mji usio na mpango huwa na ngome mashariki, Msikiti wa Fatehpuri magharibi, na mstari ulionyooka kati yake?

Hapo mbishi huhamia kwenye vichochoro. Sawa, barabara kuu zilinyooshwa, lakini huko ndani je?

Huko ndani ndiko utaalamu ulikofichwa. Mji ule ulipangwa kwa ngazi. Barabara kuu ni ya kila mtu, mgeni na mwenyeji. Ukiiacha unaingia njia ya soko, ambako wauza fedha wako pamoja, wauza karatasi pamoja, wauza lesi za harusi pamoja. Ukiiacha hiyo unaingia gali, uchochoro wa mtaa wa watu wanaofahamiana kwa kazi, kwa dini au kwa asili. Zamani gali ilikuwa na lango lake, na usiku lilifungwa. Mwisho wa yote ni mlango wa haveli, nyumba kubwa yenye ua katikati, na ukumbi wake wa kuingilia umepinda makusudi ili apitaye nje asione ua. Aliyelelewa Lamu au Mji Mkongwe haelezwi zaidi: ni kazi ile ile ya daka.

Kwa hiyo njia isiyo na mwisho wa kutokea si kosa la mchoraji. Ni faragha. Unapofika penye ukuta, mji unakwambia kwa adabu kwamba umefika kwa watu. Na wembamba nao una kazi: Delhi ya Mei na Juni hupita nyuzi 40 za joto, na uchochoro mwembamba wenye kuta ndefu hupata jua muda mfupi tu kwa siku. Wanaodai vichochoro vipanuliwe "ili hewa ipite" wangeanza kwa kusimama saa saba mchana katikati ya Rajpath ya zamani, leo Kartavya Path, waone hiyo hewa.

Nani basi aliyesema hakuna mpango? Rudini mwaka 1857. Askari wa Kihindi wa Kampuni ya India Mashariki waliasi, wakamzunguka mfalme wa mwisho wa Kimughal, Bahadur Shah Zafar. Waingereza walipouteka mji tena Septemba mwaka huo, wakazi walitimuliwa, na mfalme alipelekwa uhamishoni Rangoon, alikofia mwaka 1862. Kisha nyundo zikaanza. Mitaa iliyokuwa kati ya ngome na Jama Masjid ilibomolewa ikabaki uwanja mtupu, mizinga iwe na nafasi ya kupiga. Ndani ya ngome, sehemu kubwa ya majumba ya kifalme ilivunjwa zikajengwa kambi za askari; ukiingia leo utayaona majengo yale mazito ya kijeshi yamekaa pale palipokuwa na bustani. Jama Masjid ilishikiliwa na jeshi hadi mwaka 1862. Msikiti wa Fatehpuri ukauzwa kwa mfanyabiashara wa nguo, Lala Chunnamal, na haukurudi kwa Waislamu hadi mwaka 1877. Nyumba ya wafanyabiashara ya Jahanara ikaondoshwa, mahali pake pakajengwa ukumbi wa manispaa. Reli ikapenyezwa ndani ya kuta za mji.

Mwaka 1947 India ikagawanywa. Familia nyingi za Kiislamu zikaenda Pakistan, wakimbizi kutoka Punjab wakaingia kwa wingi, na haveli zilizojengewa familia moja zikakatwa vyumba au kugeuzwa bohari. Baada ya hapo sheria ya mwaka 1956 ya kuboresha maeneo duni ikatumika kuutangaza mji mzima wa ndani ya kuta kuwa eneo la makazi duni. Angalieni mfuatano: mji unabomolewa nusu, unajazwa watu kupita kiasi, kisha anayeukagua anaandika kwamba haukupangwa. Msongamano ule ni wa kweli, na nyaya zinazoning'inia juu ya vichwa ni za kweli. Zimeletwa na historia ya karibuni. Mchoro uliobaki chini yake bado unafanya kazi, na mtembea kwa miguu anaweza kuusoma.

Kuna jina ambalo wasomaji wa Zanzibar walistahili kulijua zamani. H. V. Lanchester, msanifu wa Kiingereza, alishauri kuhusu mahali pa kujenga New Delhi mwaka 1912, baada ya Waingereza kutangaza Desemba 1911 kwamba makao makuu yatahama kutoka Calcutta. Mwaka 1923 akatoa mpango wa mji wa Zanzibar. Kwa hiyo macho yaliyozipima Delhi na Unguja yalikuwa ya fani moja, na wakati mwingine ya mtu yule yule. Tusishangae tukijikuta tunasema "hakukupangwa" kuhusu miji yetu wenyewe kwa ufasaha mkubwa.

Na dawa inayouzwa kwa ugonjwa huu ambao haupo? Ramani ya simu. Kila mtu ananihakikishia kwamba "nitatumia simu tu". Simu hujua ulipo kwa mawimbi ya setilaiti. Kwenye uchochoro wa kuta ndefu anga inayoonekana ni utepe, na mawimbi mengi hukufikia yakiwa yameshagonga ukuta. Nukta yako inaruka hadi mtaa wa pili, nawe unaifuata, unageuka, inaruka tena. Nimewaona watu wazima wakizunguka mahali pamoja wakilaumu Wamughal kwa kosa la kifaa chao. Na anayetembea ameinamia kioo hutambuliwa na kila papasi kabla hajafika kona.

Mji wenyewe una dira. Ya kwanza ni kibla. Ninyi wa pwani ya Afrika Mashariki mmezoea kuelekea kaskazini mnaposwali. Delhi kibla ni magharibi. Misikiti imejaa kila mahali. Chungulia mlangoni, ona mihrabu iko upande gani: kule ni magharibi, nyuma yako ni mashariki kwenye ngome. Chandni Chowk inakwenda mashariki na magharibi, kwa hiyo ukijua kama uko kusini au kaskazini mwake, umekwisha jua njia ya kutoka. Asiye Mwislamu anaweza kutumia dira hiyo hiyo bila kumuudhi mtu.

Ya pili ni bidhaa. Maduka yakiendelea, unaelekea njia kubwa. Yakikoma, ukasikia vyombo vya jikoni na kuona nguo zimeanikwa, uko kwa watu; salimia, geuka. Ya tatu ni wapagazi. Gunia la pilipili haliendi mahali pasipo na njia ya kutokea. Lifuate.

Hizo tatu zinatosha. Anayekuzuia njiani kukwambia "leo msikiti umefungwa, njoo nikupeleke kwingine" anataka kukupeleka duka la binamu yake. Hakuna haja ya kubishana naye. Endelea kutembea ukajionee mlango mwenyewe.

Njia, basi, kwa haraka. Shuka kituo cha metro cha Lal Qila, penye ngome. Ngome hufungwa Jumatatu, na Jumapili maduka mengi ya mji wa kale hayafunguki, kwa hiyo chagua siku nyingine. Oktoba hadi Machi joto linavumilika, ingawa Novemba moshi huwa mzito. Kwa kanuni iliyopo magari hayaruhusiwi sehemu kuu ya Chandni Chowk kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, lakini riksha za baiskeli zipo, na haziombi radhi. Elekea magharibi. Upande wa kushoto utaona Gurdwara Sis Ganj, mahali Guru Tegh Bahadur wa Masingasinga alipokatwa kichwa mwaka 1675. Vua viatu, funika kichwa, na ukiwa na njaa utalishwa bure bila kuulizwa dini. Jirani yake ni msikiti mdogo, Sunehri Masjid, ambako Nader Shah wa Uajemi alikaa mwaka 1739 watu wa mji wakichinjwa kwa amri yake. Fika Fatehpuri, pitiliza hadi soko la viungo la Khari Baoli, ukiwa na kitambaa cha pua. Rudi kidogo, ingia Ballimaran kuelekea kusini, tafuta Gali Qasim Jan alikoishi mshairi Ghalib hadi alipofariki mwaka 1869; sehemu ya nyumba ni makumbusho. Endelea hadi Hauz Qazi, pinda mashariki kwenye Chawri Bazar, mtaa wa karatasi na kadi za harusi, hadi minara ijitokeze mbele yako.

Utakuwa umetokea nyuma ya Jama Masjid, upande wa kibla, na huko hakuna mlango. Zunguka, milango iko kaskazini, kusini na mashariki. Nyakati za swala watalii hutolewa nje, anayeswali haguswi. Kula kilichopikwa mbele yako kikiwa cha moto, kunywa maji ya chupa iliyozibwa, beba noti ndogo. Kituo cha metro cha Jama Masjid kiko karibu na mlango wa mashariki.