Simu Tatu, Duka Moja: Hakikisha Zote Ziko Sawa

Una simu mbili au tatu za kupokea malipo, na kompyuta kaunta ya kupigia hesabu. Mteja analipa, simu moja inaonyesha pesa zimeingia, nyingine kimya. Foleni inakua. Wakati mwingine shida si mtandao, ni kwamba vifaa vyako vinatumia matoleo tofauti ya programu moja.

Kila programu ina nambari ya toleo. Ukiisasisha, nambari hupanda, kasoro hurekebishwa na mianya ya wezi huzibwa. Simu iliyobaki nyuma bado ina mianya ile ile.

Fanya hivi:

1. Andika orodha. Kwenye daftari, kila kifaa kiwe na mstari wake: nani anakitumia, toleo la Android au Windows, na toleo la programu ya malipo. Kwa simu ya Android, angalia Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Kwa kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, halafu bonyeza Enter.

2. Anza na simu moja. Isasishe jioni, baada ya kufunga hesabu. Uza nayo kesho yake. Ikifanya kazi vizuri, sasisha zingine. Kama ni sasisho la usalama, usikawie.

3. Weka saa na tarehe zijipange zenyewe. Saa ikiwa mbaya, programu inaweza kukataa kuunganishwa, na kulinganisha miamala jioni kutakuchosha.

4. Kila mtu na PIN yake. Mkitumia moja, hutajua nani alirudisha pesa za nani. Mfanyakazi akiacha kazi, mwondoe kwenye akaunti siku hiyo hiyo.

5. Usisahau kompyuta kuukuu. Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama yako ni ya zamani hivyo, usiitumie kufungua akaunti ya biashara.

Tahadhari: pakua programu kutoka Play Store au App Store pekee. Ukitumiwa linki ya "toleo jipya" kwa SMS au WhatsApp, usiibonyeze, na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Rudia ukaguzi huu kila mwisho wa mwezi. Ni dakika chache tu, na pesa ni zako.