Akina Mama wa Gwata Hawajakaa Bure

Tangu viwanda vianze kuota Kwala, mkoani Pwani, kila anapotajwa mwekezaji, iwe Gwata ya Kibaha au ya Kisarawe, naulizwa swali lile lile: "Akina mama wangapi watapata ajira?" Nimechoka nalo. Limejengwa juu ya imani potofu kwamba mwanamke wa kijijini amekaa tu, anamsubiri mgeni ampe kazi.

Amekaa wapi? Alfajiri yuko kisimani, jua likichomoza yuko kwenye mihogo au ufuta, jioni anarudi na mzigo wa kuni kichwani, na chakula cha usiku bado kinamsubiri yeye. Kazi anayo tele. Hana mshahara wala hati ya shamba. Ukimpa kibarua huku ukimnyang'anya shamba, kisima na msitu wa kuni, hujamwongezea kitu. Toa kwanza nauli ya bodaboda, maji na mkaa anaonunua sasa, ndipo uniambie amebaki na nini.

Kisarawe walishaonja. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ilime mibono ya mafuta, kwa ahadi za ajira na huduma za jamii. Mwaka 2011 mradi ulikwama, mamia wakapoteza kazi. Na kisheria, ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji, hairudi kijijini yenyewe mradi ukifa. Kibarua hukatika kwa siku moja. Ardhi hutolewa hadi miaka 99.

Basi fanyeni haya. Jazeni mkutano mkuu wa kijiji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Jina lake liandikwe kwenye hati ya kimila. Kazini, dai masharti ya ajira kwa maandishi. Asiyetimiza miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha. Kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Hakikisha michango yako ya hifadhi ya jamii inafika NSSF. Ukiachishwa, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Idadi ya ajira ulizeni mwisho, baada ya kujibiwa ardhi inatoka kwa nani na mkataba ni wa namna gani.